Soketi iliyoungua bila mzigo: kisa cha nyumba moja Nkuhungu, Dodoma

Soketi iliyoungua ilikuwa ya chumba cha kulala, nyuma ya kitanda, na haikuwahi kuchomekwa kitu kizito kuliko chaji ya simu. Ilikuwa ya tatu kuungua mahali pale pale ndani ya miaka miwili. Mara mbili za mwanzo aliitwa fundi wa mtaani, akafunga soketi mpya, akalipwa, akaondoka. Mimi niliitwa mara ya tatu, Oktoba mwaka jana, siku ambazo jua la Dodoma linapiga bati mpaka mbao za kenchi zinalia.

Mwenye nyumba ni mama mmoja, mwalimu mstaafu. Nyumba ni ndogo: sebule, vyumba viwili vya kulala, jiko, korido, na chumba kimoja cha pembeni cha kupangisha. Aliijenga na marehemu mumewe mwaka 1998. Chumba cha pembeni kiliongezwa 2017, Serikali ilipokuwa inahamia Dodoma na kila mwenye nafasi ya uani akaona afadhali aweke chumba.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Njoo uione hii soketi yangu, wenzako wananiambia chaji za siku hizi ni feki ndizo zinaiunguza. Nimebadilisha chaji. Imeungua tena."

Nilizima meni swichi, nikaifungua. Naomba niieleze vizuri, kwa sababu kisa chote kilikuwa kimeandikwa pale. Upande wa laivu, yaani waya unaoleta umeme, plastiki ilikuwa imekuwa kahawia, katikati nyeusi, imevimba kama ganda la mkate. Skrubu ilikuwa imepoteza mng'ao. Waya mwekundu ulikuwa umeyeyuka ngozi yake kiasi cha urefu wa kucha ya kidole gumba. Upande wa nyutro, waya unaourudisha, sentimita mbili tu kutoka hapo, ulikuwa safi. Herufi N ilisomeka, shaba ilikuwa inang'aa.

Kama joto lile lingetoka kwenye kifaa kilichochomekwa pale, pande zote mbili zingeungua, maana umeme unaoingia kwa laivu ndio ule ule unaorudi kwa nyutro, kiasi kile kile. Skrubu moja iliyolegea ingeweza kueleza tofauti, lakini soketi tatu tofauti, zilizofungwa siku tofauti, zote zilegee upande ule ule? Na hata ikilegea, chaji ya simu haina nguvu ya kupasha skrubu moto. Kulikuwa na umeme mwingine unaopita pale ambao haukuwa na kazi na chumba kile.

Nikafunga soketi mpya kwa muda, nikaiacha ikining'inia nje ya boksi lake nyaya zikionekana. Nikawasha meni. Nikamwomba Mwalimu aende jikoni awashe birika la umeme na lile jiko la presha alilokuwa ameweka maharage. Chumbani hakukuwa na kitu kilichochomekwa. Nikaweka kilampu mita, kipimo kinachoukumbatia waya kwa nje na kusoma umeme unaopita, kwenye waya mwekundu unaoingia: ampia 13. Kwenye mwekundu unaotoka: 13. Kwenye mweusi, ambao ndio nyutro: 2.4.

Mwalimu alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Nikamwonyesha namba.

"Kwa hiyo umeme wa jikoni unapita chumbani kwangu?"

"Laivu yote, Mwalimu. Unazunguka nyumba nzima kabla haujafika kwenye birika."

Ringi na kasoro yake

Nyumba ile ilifungwa ringi, kama nyumba nyingi za miaka ile. Kwa asiye fundi: waya unatoka kwenye breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, unapita soketi moja baada ya nyingine, kisha unarudi kwenye breka ile ile. Kila soketi inalishwa kutoka pande mbili. Kwa kuwa njia ni mbili, waya wa milimita za mraba 2.5 unaruhusiwa kukaa chini ya breka ya ampia 32, ingawa mmoja peke yake, ndani ya paipu iliyo kwenye ukuta wa tofali, hubeba kama ampia 24 tu.

Mpangilio huu ni wa Waingereza. Ulitokana na Vita Kuu ya Pili, kamati iliyokuwa inapanga ujenzi wa baada ya vita ilipotafuta namna ya kuweka soketi nyingi kwa shaba kidogo. Ripoti yake ilitoka 1944. Plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani yake, ambayo sisi tuliirithi na tunaitumia mpaka leo, iliwekewa kiwango chake, BS 1363, mwaka 1947. Ringi na plagi ile vilizaliwa pamoja na vinategemeana: breka kubwa inalinda waya wa ukutani, fyuzi ndogo ndani ya plagi inalinda waya wa kifaa. Ujerumani na Ufaransa hawakufuata njia hiyo. Wao wanatumia kile mafundi tunachokiita redieli: waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zake, unaishia kwenye ya mwisho. Haurudi.

Ringi nzima ni kitu kizuri. Lakini ringi ikikatika sehemu moja, haisemi. Soketi zote zinaendelea kuwaka, kwa sababu kila moja bado ina upande mmoja unaoilisha. Mwenye nyumba hana cha kulalamikia. Breka inabaki ile ile ya 32, sasa inalinda waya ambao peke yake hauwezi kubeba 32. Ndiyo hali niliyoikuta pale.

Nilithibitisha kwa kipimo cha kawaida. Nikazima, nikatoa ncha mbili za ringi kwenye boksi la breka, nikapima kutoka ncha moja hadi nyingine. Nyutro kwa nyutro: omu 0.33, ambayo ni sawasawa kwa waya wa 2.5 wenye urefu wa mita 44. Laivu kwa laivu: mita haikusoma kitu. Ethi kwa ethi, yaani waya wa usalama unaoelekea ardhini: haikusoma kitu. Kipimo hiki kinachukua dakika kumi. Fundi aliyebadilisha soketi mara mbili hakukifanya, na simlaumu sana kwa mara ya kwanza. Kwa mara ya pili namlaumu.

Kiungo cha juu ya lenta

Mwaka 2017, chumba cha kupangisha kilipoongezwa, mlango wa nyuma wa jiko ulihamishwa. Pale mlango mpya ulipotobolewa ndipo ilipopita paipu inayotoka kwenye boksi la breka kwenda jikoni, ule upande mfupi wa ringi, mita 8 tu. Nyaya zilikatwa, zikapandishwa juu ya lenta, zikaunganishwa upya. Nilijua ni hapo kabla sijatindua, maana plasta ilikuwa na doa la rangi ya chai, ukubwa wa kiganja, na ukiigonga inatoa sauti ya utupu.

Ndani hakukuwa na boksi. Kulikuwa na nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, kisha plasta juu yake. Msokoto wa nyutro ulikuwa umekazwa vizuri, ulikuwa bado unashika. Wa laivu ulikuwa umeungua kabisa, tepu imekuwa kama lami, ncha mbili za shaba zinatazamana kwa umbali wa upana wa kalamu. Waya wa ethi haukuwa umeunganishwa tangu mwanzo. Ulikatwa ukakunjwa nyuma.

Hakuna anayejua laivu iliachia lini. Hakuna kilichozima siku hiyo. Ila tangu siku hiyo umeme wa laivu wa jikoni ulilazimika kwenda kwa upande mrefu, mita 36, kupitia sebuleni na vyumba vyote viwili, juu ya dari, skrubu kwa skrubu. Nyutro, kwa sababu ilikuwa nzima, iliendelea kurudi kwa njia fupi. Ndiyo maana ya 13 kwa 2.4, na ndiyo maana soketi ya chumbani iliungua upande mmoja.

Mwalimu alikumbuka jambo jingine: birika lilikuwa linachelewa kuchemka, akadhani umeme wa mtaa umekuwa mdogo. Nikapima huku vifaa vya jikoni vyote vimewashwa. Kwenye boksi la breka, volti 226. Kwenye soketi ya jikoni, 213. Kati ya hizo 13 zilizopotea njiani, saba hivi unaweza kuzihesabu kwa urefu wa waya. Zilizobaki zilikuwa zinapotelea kwenye skrubu zilizolegea na kuchoka. Skrubu inayopoteza volti 2 huku ikipitisha ampia 20 inatoa wati 40 za joto. Hicho ni chuma cha kuchomea risasi cha fundi redio, kimewashwa, kimeegeshwa nyuma ya soketi, nyuma ya godoro la mtu anayelala.

Niliposema hivyo Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo wengi huuliza: kwa nini breka haikukata?

Nyumba hii ilipofungwa umeme, jikoni kulikuwa na mkaa. Soketi zilikuwa za redio, pasi na baadaye televisheni. Sasa hivi kupika kwa umeme kunahimizwa nchi nzima. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mwalimu ameitikia kwa moyo wote. Ana birika la wati 2000, jiko la presha la 1000, jiko la koili la 1500, na friji. Hizo ni kama ampia 20. Chumba cha mpangaji kilichukuliwa tawi kutoka soketi ya jikoni, na binti anayekaa humo, mwanafunzi wa chuo, ana koili yake ya wati 2000. Jumla 29. Breka ya 32 inaziona ampia 29, inakaa kimya, na iko sahihi. Hata ikibeba 36, kwa kiwango chake haitakiwi kukata ndani ya saa nzima. Haina namna ya kujua kwamba chini yake njia zimebaki moja.

Jioni ile

Sikumwachia vile. Nilizima kabisa tawi la mpangaji, nikatoa ile ncha ya upande mrefu kwenye breka ya 32 nikaiweka chini ya breka ya 16, ule upande mfupi nikaufunga ncha zake pande zote mbili. Nikamwambia Mwalimu kwamba kwa siku hizi chache akiwasha birika asiwashe koili. Binti wa chuo tulimpa eksitensheni nzuri kutoka sebuleni kwa ajili ya taa ya mezani na simu, kupika akapikia kwa Mwalimu.

Kuna watakaouliza kwa nini sikuishia hapo. Kuigawa ringi iliyokatika iwe redieli mbili ni tiba inayojulikana na mara nyingi inatosha. Hapa haikutosha kwa sababu mbili. Jiko lilikuwa limebaki mwishoni kabisa mwa mstari mrefu, kwa hiyo breka ya 16 ingekata kila siku wakati wa chakula. Na nyaya za darini zilikuwa zimekauka. Nilizipima kwa mega, kipimo cha uimara wa ngozi ya waya, kwa volti 500, laivu na nyutro dhidi ya ethi, nikapata megaomu 0.4, wakati haitakiwi kushuka chini ya 1. Ukiukunja waya mwekundu, ngozi ilipasuka kama udongo wa mbuga. Ilibidi kufunga upya.

Mazungumzo ya Jumamosi

Kijana wa Mwalimu anayefanya kazi Dar ndiye aliyekuwa anatoa fedha. Alipanda SGR Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi tukakaa barazani watatu. Alikuwa amejiandaa, na nilimheshimu kwa hilo.

"Kaka," akaniambia, "mimi nataka turudishe ringi, ila ifungwe vizuri. Ringi ndiyo stendadi. Inaokoa waya. Halafu upande mmoja ukikatika, upande wa pili unaendelea kulisha. Hiyo si faida?"

Nilianza na waya, kwa sababu ndio rahisi. Nilikuwa nimepima njia zote. Ringi mpya pamoja na tawi la mpangaji ingekula mita 51 za kila rangi. Redieli tatu za 2.5, kwa sebule, kwa vyumba na kwa mpangaji, zingekula mita 50, na jiko lingehitaji mita 9 za waya wa 4. Katika nyumba ndogo ambayo boksi la breka liko katikati, ringi haiokoi kitu cha maana, kwa sababu safari ya kurudi ni ndefu kama ya kwenda. Gharama inayoongezeka kweli ni breka tatu na boksi kubwa zaidi. Hilo nililisema wazi.

Jambo la pili nililichukulia kipimajoto. Ijumaa saa nane mchana nilikuwa nimepanda darini. Chini kidogo ya bati kipimo kilisoma nyuzi 47. Chini, juu ya silingibodi, nyuzi 41. Namba za vitabu kuhusu uwezo wa waya zimehesabiwa kwa nyuzi 30. Waya wa plastiki wa kawaida, hewa inayouzunguka ikifika 45, unabaki na uwezo wa 0.79 ya ule wa mwanzo; ikifika 50, 0.71. Kwa hiyo ule wa 24 unakuwa 19, kisha 17. Kanuni ya ringi ya breka 32 inataka kila upande wa waya uweze kubeba angalau 20. Yaani kwenye dari la bati la Dodoma, mwezi Oktoba na Novemba, ringi ya 2.5 chini ya breka ya 32 haifikii masharti yake yenyewe hata ikiwa nzima na mpya. Kanuni hiyo ilitungwa kwa nyumba za nchi ya baridi, na sisi tumeichukua bila kuibeba darini kwetu kuipima. Jambo hili linaniuma, kwa sababu naona nyumba mpya kila wiki zinafungwa hivyo, paipu zimefungwa juu ya kenchi zinagusa bati.

La tatu ni plagi. Nilimwomba kijana anifuatishe jikoni. Koili ilikuwa na plagi ya pini mbili za mviringo, ile ya Ulaya, na karibu yake kulikuwa na kalamu ya Bic isiyo na wino ambayo kazi yake ni kusukuma tundu la ethi ili vilango vifunguke pini ziingie. Kila nyumba ina kalamu hiyo. Plagi ya namna ile haina fyuzi. Ule ukoo wa ringi na plagi yenye fyuzi umevunjika hapo: waya mwembamba wa kifaa unabaki unalindwa na breka ya 32 peke yake, ambayo itauacha uungue. Kule plagi hizo zilikotoka, breka ya ukutani huwa ni 16.

Kuhusu ile faida ya upande wa pili kuendelea kulisha, sikuhitaji kusema mengi. Kipande cha msokoto ulioungua kilikuwa mezani, nimekiweka kwenye kifuniko cha chupa. Ni kweli ringi ina jema moja ambalo redieli haina: ethi mbili, ikikatika moja nyingine inabaki. Nilimwambia hivyo. Na kwenye jengo ambalo lina mtu wa kulipima kila baada ya miaka michache, na ambalo hakuna anayetoboa ukuta bila kuuliza, ringi inaweza kukaa vizuri miaka mingi. Lakini nyumba zetu zinakua. Leo chumba, kesho frem ya duka, keshokutwa mlango unahamishwa, na anayeshika waya safari hii siye aliyeshika mara iliyopita.

Mwalimu alikuwa anatusikiliza huku anachambua mchicha. Akauliza:

"Hebu nielezeni hivi. Kati ya hizo mbili, ipi ikiharibika nitajua mwenyewe?"

"Redieli, Mwalimu. Ikikatika, soketi za mbele yake zinazima. Utajua jioni ile ile."

"Basi fungeni hiyo."

Kijana alicheka, akasema mama ameshahukumu. Hakupinga tena, ila aliniomba nimwandikie vipimo vyote, na nikafanya hivyo.

Tulivyofunga

Jiko lilipata mstari wake: waya wa 4, breka ya 25, soketi mbili za dabo kwenye kuta mbili tofauti. Nilisisitiza kuta mbili kwa sababu soketi ya dabo haikuundwa kubeba 13 mara mbili kwa wakati mmoja. Birika na koili zisikae kwenye soketi moja. Paipu yake haikupanda darini, ilipita ukutani, kwenye ubaridi. Kwa kuwa breka ya pale ni kubwa kidogo, plagi zote za vifaa vya jikoni nilizikata nikafunga za pini tatu zenye fyuzi ya 13, na ile kalamu Mwalimu akaitupa mwenyewe.

Friji niliiondoa jikoni kwa maana ya umeme. Imesimama koridoni na inalishwa na mstari wa sebule, waya wa 2.5, breka ya 16. Siku breka ya jikoni ikikata Mwalimu akiwa kanisani, nyama haiozi. Vyumba viwili vina mstari wao, 2.5 na 16, na soketi nne tu. Tulizipunguza kutoka sita. Mpangaji ana wa kwake, 2.5 na 16.

Paipu za darini zote zililazwa chini, juu kidogo ya silingibodi, kila mstari na paipu yake. Kurundika nyaya za mistari mitatu kwenye paipu moja kunapunguza uwezo wa kila moja mpaka 0.70, na hilo hulizidisha na lile punguzo la joto. Wengi wanarundika kwa sababu paipu moja inaingia haraka. Ni saa mbili za kazi unazookoa, na huo waya utakaa humo miaka thelathini.

Ethi nayo haikuwa na afya. Fimbo ya ethi ya nyumba, kwa ukavu wa udongo wa Oktoba, ilisoma omu 160. Laivu ikigusa mwili wa friji, kwa omu 160 itapita ampia 1.4 tu ardhini, na hakuna breka ya kawaida itakayokata kwa hiyo. Niliongeza fimbo ya pili nikaziunganisha, lakini kwa udongo wetu kinachookoa maisha ni RCD ya miliampia 30, kifaa kinachokata mara moja umeme ukivuja kwenda ardhini. Jiko, sebule na vyumba vina moja ya pamoja. Mpangaji nilimwekea breka yenye kinga hiyo ndani yake, ili koili yake ikivuja isizime nyumba nzima. Ningependa kila mstari uwe na ya kwake. Fedha haikufika, na nililiandika hilo kwenye karatasi ya kijana.

Kabla ya kufunga kifuniko cha boksi la breka Mwalimu aliomba kalamu ya wino mzito. Akaandika chini ya kila breka kwa mwandiko wa ubaoni: JIKONI. SEBULE NA FRIJI. VYUMBA. MPANGAJI. TAA.

Baada ya hapo

Wiki ya kwanza breka ya mpangaji ilikata mara mbili. Binti alinipigia, ana haki. Koili ya 2000, birika lake, na pasi, vyote kwa pamoja, ni kama ampia 23. Haikukata hapo hapo. Ilichukua muda, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu waya nao huchukua muda kupata joto. Nilimweleza kwamba apige pasi kabla ya kupika au baada ya kupika. Hakufurahi. Huo ndio usumbufu ambao ringi ya zamani ilimwepusha nao, kwa kuupeleka ukutani nyuma ya kitanda cha Mwalimu.

Nilirudi Aprili, mvua zikiwa zinaishia. Jikoni vyote vimewashwa: 228 kwenye boksi la breka, 225 kwenye soketi. Nikafungua ile soketi ya chumbani, nikaigusa skrubu ya laivu kwa bisibisi. Ilikubali robo ya mzunguko. Nikakaza zote.

Nikiwa natoka, jirani wa upande wa kulia alinisimamisha. Nyumba yake ilijengwa mwaka mmoja na ya Mwalimu na kufungwa na fundi yule yule, na alikuwa ameshasikia habari za soketi. Nilimpima: laivu 0.36, nyutro 0.36, ethi 0.37, ngozi ya nyaya bado imara. Ringi yake ilikuwa nzima, hakuna aliyewahi kuigusa. Sikumfungia upya. Nilikaza skrubu, nikatoa breka ya 32 nikaweka ya 25 kwa ajili ya lile joto la dari, kisha nikaandika zile namba tatu na tarehe upande wa ndani wa mlango wa boksi la breka, ili fundi atakayekuja baada yangu apime na kulinganisha. Akaniuliza kama anaweza kuongeza chumba uani. Nikamwambia anaweza, ila siku wanatoboa ukuta anipigie simu kwanza.